Katibu Asiyependa Mpira

Katibu wa ligi yetu hakupenda mpira. Ilinichukua miaka miwili kulijua jambo hili, ingawa lilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama karibu naye kwa dakika tano. Mechi ikianza tu, aliupa uwanja mgongo na kuwatazama watazamaji. Katika daftari langu nililiandika hilo kama mbinu ya usalama. Kumbe alikuwa amechoka kuona watu wazima wakikimbia bure.

"Wanakimbia dakika tisini, wanarudi palepale walipoanzia," aliniambia baadaye. "Mimi kazini nakimbia vilevile, lakini mwisho wa siku kuna mzee amekunywa dawa zake."

Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba huko Skärholmen, kuwaogesha wazee wa Kiswidi, kuwapa chakula, kuhesabu vidonge vyao. Alikuwa Mrundi, mfupi, mwenye koti la mvua la kijani alilolivaa hata jua likiwaka. Kuhusu alikozaliwa na jinsi alivyofika hapa sitasema, kwa kuwa hakuwahi kuniambia, na mimi, mtu wa maswali mengi, niliogopa kumwuliza. Nilichokijua ni namna alivyohesabu. Alihesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa kidole kutoka kushoto, mara ya pili kutoka kulia. Hesabu mbili zisipolingana alianza upya, hata kama vilivyohesabiwa ni vikombe vitatu.

Ligi yenyewe ilikuwa ya Jumapili, kwenye nyasi bandia si mbali na kituo cha treni cha Skärholmen. Walicheza Wakenya wa Hässelby, Warundi, Wakongo, Waganda na wengine, kila watu na bendera yao. Waswidi waliopita na mbwa wao walisimama kidogo, wakasikia Kiswahili cha namna nne kikitukana mwamuzi mmoja, wakaendelea na safari. Katibu hakuwa na cheo kingine zaidi ya hicho. Mwenyekiti alikuwepo kwenye karatasi, lakini sikuwahi kumwona mtu akimwuliza mwenyekiti kitu.

Ugomvi wa aina yoyote ulimalizwa kwenye benchi. Nilishuhudia mara moja nahodha wa Wakongo na nahodha wa Wakenya wakimfuata, wote wawili wamelowa jasho.

"Mama, ile goli ilikuwa ya kweli kabisa! Arbitre hakuona!"

"Madam, usimsikize huyu. Alikuwa ameotea, hata nyanya yangu angeona, na nyanya yangu yuko Kakamega."

"Mimi sikuona," Katibu akasema. "Nilikuwa natazama watu. Kaeni hapo mpaka mkubaliane."

Mvua ilikuwa ikinyesha, ile nyembamba ya hapa isiyokwisha. Walikaa kwenye benchi moja. Baada ya nusu saa Mkongo alisema goli halikuwa la lazima sana. Mkenya akasema, kwa kweli, kuotea kwenyewe kulikuwa kwa kidole cha mguu. Sasa kila mmoja aliling'ang'ania jibu la mwenzake, wakaanza kubishana upya kwa upande wa pili. Katibu aliwaacha hapo, akaenda kuhesabu vibendera vya kona.

Alikuja kila Jumapili na chupa mbili kubwa za chai ya tangawizi, akaigawa kwa sheria yake mwenyewe: aliyefungwa alikunywa, aliyeshinda hakupewa. "Aliyeshinda ana furaha yake, inamtosha joto." Timu zikitoka sare, alikunywa yeye mwenyewe.

Na huyo huyo aliyesema hapendi mpira alijua magoti ya kila mchezaji. Alijua nani alifanyiwa upasuaji, nani anadanganya kwamba amepona, nani mke wake amemkataza kucheza. Alimtoa mtu uwanjani kwa kumwita jina na kutikisa kichwa, na mtu alitoka akinung'unika, bila kadi yoyote. Nilipomwuliza jambo hilo liko katika kifungu gani cha sheria, alinigeukia.

"Wewe ndiye yule wa karatasi?"

Ndiye. Inabidi nijieleze, ingawa kwa ufupi. Mimi ni mtunza majengo huko Rissne. Nabadilisha taa za ngazi, nazibua mabomba, nasimamia orodha ya zamu za chumba cha pamoja cha kufulia, ambayo naweza kusema bila kujisifu ndiyo orodha safi kuliko zote katika mtaa wetu. Chuo sikwenda. Nilichokijua nilikitoa maktabani, rafu kwa rafu. Sheria za mpira wa miguu nilizisoma kwa Kiswidi na kamusi mkononi, jalada hadi jalada, kabla sijapiga mpira wowote kwa dhati. Siku nilipoupiga ulivunja kioo cha chumba cha kufulia, na mtu wa kukitengeneza nilikuwa mimi. Mke wangu husema sina marafiki, nina mafaili. Nilimwonyesha kwamba nina marafiki kumi na wawili, wote katika faili moja.

Hao kumi na wawili ndio waliokuwa timu yetu. Tulisali kanisa moja Rissne, katika ukumbi wa kupanga, na kila mmoja alikuwa amekataliwa mahali fulani. Mkongo wetu aliambiwa na Wakongo kwamba amezeeka. Mnyarwanda wetu, nesi mpole, hakutaka kucheza na watu waliomwuliza maswali ya kabila. Mganda mmoja aligombana na Waganda wote, na Mkenya mmoja alioa Mrundi akawa hatakiwi na upande wowote. Jumapili baada ya ibada walirudi nyumbani, wakakaa, wakangoja Jumatatu. Nilijitolea kuwaingiza kwenye ligi. Na hapa nilifanya kosa la kwanza: siku nilipomaliza kuandika maombi, niliwatangazia kwamba tumeshakubaliwa. Katika akili yangu, maombi yaliyokamilika hivyo yasingeweza kukataliwa. Walishangilia. Mnyarwanda alilia kidogo, akasema ni vumbi. Wiki iliyofuata jezi zilichapishwa namba.

Kwa hiyo nilipompelekea Katibu maombi yangu ya kurasa kumi na nne, nilikuwa tayari mwongo mbele ya watu kumi na wawili ambao ningewaona kanisani kila Jumapili hadi kufa kwangu.

Alifungua ukurasa wa kwanza tu. Fomu ya ligi ilikuwa na nafasi ya nchi.

"Hapa umeandika Rissne."

"Ndiyo, Mama."

"Rissne ni nchi?"

"Ni kituo cha treni, Mama. Watu wetu wanatoka nchi tano. Nilifikiri kuziandika zote, lakini mstari ni mfupi."

Akacheka puani. "Vizuri. Kituo cha treni hakina rais, hamtagombania rais." Akaifunga. "Lakini ligi imejaa. Kama mnataka sana, njooni Jumapili tatu, saa saba kamili mchana. Hamtacheza. Mtafagia changarawe na kubeba magoli. Nataka kuona watu kumi na mmoja kwa macho yangu. Jumapili tatu mfululizo. Msimu unaanza baada ya hapo, na sitangoja mtu."

Ndiyo iliyokuwa desturi yake kwa kila timu mpya. Ilikuwa Aprili, changarawe iliyomwagwa wakati wa barafu ilikuwa bado imejaa njiani, na magoli yale ya chuma yalikuwa mazito kama dhambi za mtu mzima. Kazi haikunitisha. Kilichonitisha ni saa saba.

Mchungaji wetu alikuwa mtu wa Mungu na mtu wa maneno. Ibada ilianza saa nne na nusu. Kutoka Rissne mpaka uwanjani ni treni ya buluu kwenda mjini, kisha nyekundu kwenda Skärholmen, pamoja na kutembea na kungoja: dakika hamsini na tano, nimezipima. Ili kufika saa saba, ilibidi tutoke saa sita kamili. Mchungaji saa sita kamili mara nyingi alikuwa ndiyo kwanza anavua koti.

Mtu mwingine angekwenda kuzungumza naye. Mimi nilitengeneza jedwali. Nilikuwa nimeanza tangu majira ya baridi kuandika urefu wa kila mahubiri, kwa saa ya mkononi niliyoificha ndani ya Biblia, na sasa nilikuwa na wiki kumi na mbili. Safu ya kwanza ilikuwa tarehe, ya pili dakika, ya tatu sababu ya kuzidi. Katika safu ya tatu niliandika kwa unyoofu: "Alirudia habari za safari yake ya Uvira." "Alimaliza, kisha akasema jambo la mwisho, mara nne." "Sababu haikupatikana."

Jumapili ya kwanza alihubiri mgeni kutoka Norrköping aliyekuwa na basi la kuwahi. Tulifika, mimi na wote kumi na wawili. Katibu alituhesabu kutoka kushoto, akatuhesabu kutoka kulia, akatuonyesha mafagio. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nikaona sasa ni wakati wa kuyaimarisha maombi, nikaongeza kiambatisho cha pili: jedwali la mahubiri, pamoja na maelezo kwamba kwa wastani tatizo linaweza kutabirika. Kanuni ya ligi ilisema kila karatasi inayopelekwa kwa Katibu ipelekwe nakala kwa mlezi wa timu. Mimi ni mtu wa kanuni. Nilitoa nakala safi, nikaitia kwenye bahasha, nikaipeleka mwenyewe kwa mlezi wetu.

Mlezi wetu alikuwa Mchungaji.

Naapa sikuliona mpaka Jumapili, alipopanda mimbarini na karatasi ambayo niliitambua kwa mistari yake.

"Ndugu zangu," alisema, "nimeletewa ripoti." Akavaa miwani. "Kuna ndugu yetu humu ananipima. Wiki kumi na mbili. Anasema tarehe kumi na nne nilihubiri dakika themanini na moja na sababu haikupatikana." Ukumbi mzima uligeuka. Sijui walijuaje ni mimi. Labda kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa nikitazama dari. "Leo nataka ndugu yetu apate sababu."

Alihubiri saa moja na dakika ishirini na tano. Sikuhitaji kuangalia saa, alikuwa akinitajia mwenyewe kila robo saa. Waliothubutu kutoka nami walikuwa wanne, tukainama kama wezi. Wengine walibaki, na siwalaumu. Kutoka siku ile kungekuwa kukiri.

Katibu alitukuta pale uwanjani, akanyoosha kidole. "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Akarudi kutoka kulia. "Wanne, watatu, wawili, mmoja." Sikuwahi kuichukia hesabu kama siku ile.

Nilimweleza yote. Nilitarajia hasira. Alilitoa jedwali kwenye mkoba, akalitazama kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye benchi na kucheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Ulimpelekea yeye mwenyewe?"

"Kanuni inasema nakala kwa mlezi."

"Ewe bwana," akasema, "wewe hata ukitaka kuiba utaacha risiti." Akasimama. "Mtu mwenye roho mbaya angesema muanze upya, na muda wa kuanza upya hakuna."

"Una roho mbaya, Mama?"

"Jumapili utajua."

Wiki ile sikulala vizuri. Niliwaambia wenzangu ukweli, kwamba hatujakubaliwa na hatukuwahi kukubaliwa. Tulikuwa katika chumba cha kufulia, mashine zikizunguka. Mganda alisema alijua. Mkongo alisema hakujua, na kwamba alikwisha kuwapigia simu ndugu zake Bukavu. Mnyarwanda alikunja jezi yake vizuri, akairudisha kwenye mfuko. Ningependa zaidi angenitukana.

Jumapili ya tatu Mchungaji alianza mapema, kwa furaha, na saa sita ikapita. Saa sita na robo. Saa sita na nusu nilifunga Biblia na saa ikiwa ndani, kwa kuwa hakukuwa tena na kitu cha kupima. Hata kama angesema amina wakati ule ule, tusingefika. Sikuwatazama wenzangu.

Ilipokaribia saa saba nilisikia mlango wa nyuma. Koti la kijani. Katibu aliingia, akajipangusa viatu, akakaa mstari wa mwisho karibu na makoti. Saa saba kamili alisimama, katikati ya mahubiri, akanyoosha kidole na kuanza kutoka kushoto, midomo ikitembea.

Mchungaji alinyamaza. "Mama, unatafuta mtu?"

"Hapana, Mchungaji. Natafuta kumi na mmoja. Endelea tu."

Hakuna aliyeendelea. Alifika mwisho, akarudi kutoka kulia. Kidole kikasimama kwa yule mpiga gitaa jukwaani. "Wako kumi. Mwingine nasikia yuko nyumbani na homa. Huyu wa gitaa, anacheza?"

"Ni kipa," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyopanga.

"Kumi na mmoja." Akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu. "Nilisema nataka kuwaona kumi na mmoja saa saba. Nimewaona. Mchungaji, samahani kwa kukukatiza, yalikuwa maneno mazuri, hata kama nimesikia kidogo tu."

Mchungaji alimtazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka taratibu, na kanisa likacheka naye, kicheko cha watu waliokaa muda mrefu. "Tusimame tuombe," akasema. Mnyarwanda alikuwa wa kwanza kusimama. Ni dakika ngapi zilikuwa siku ile, sijui. Ni Jumapili pekee ambayo haimo katika jedwali.

Tuliingia ligi. Msimu wa kwanza tulifungwa na kila timu, na nyingine zilitufunga mara mbili. Tulikunywa chai nyingi ya tangawizi. Mimi nilikuwa mwamuzi msaidizi, nikiwa na kibendera na ujuzi wa sheria usio na mpinzani, na nilitukanwa kwa Kiswahili, Kifaransa, Kiganda na, kwa vinywa vya watoto wa wachezaji, Kiswidi. Sikuwahi kuwa na furaha kama hiyo. Mchungaji alianza kuja kutazama, na nilipomwona akipiga kelele dakika tisini bila kuchoka nilielewa kwamba shida haikuwa mimbari.

Katibu aliacha ligi miaka kadhaa baadaye, kwa sababu ya goti lake mwenyewe, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alihamia kwa binti yake Hässelby. Vitabu vya ligi vilinijia kwenye mfuko wa duka, bila barua. Ndivyo nilivyojua kwamba mimi ndiye katibu mpya.

Nilimtembelea majira ya kuchipua yaliyopita, mwisho wa treni ya kijani. Binti yake alinifungulia, akamwambia mama yake kwa Kiswidi asikae muda mrefu na goti limekunjwa, naye akajibu kwa Kirundi jambo ambalo binti alilipuuza. Alikuwa amepungua. Koti la kijani lilining'inia mlangoni.

Nilikuwa na sababu mbili za kwenda. Ya kwanza ilikuwa hotuba ya shukrani, kurasa mbili. Niliona uso wake nilipozitoa, nikazirudisha. Ya pili ilikuwa ratiba. Wakenya walikuwa wamegombana wakagawanyika timu mbili, na ratiba yangu ilikuwa imekataa kukaa sawa kwa wiki nzima.

"Kila Jumapili kuna timu moja haina wa kucheza naye," nilisema. "Wanakuja hivyo hivyo. Wanasimama pembeni bila kazi, wanamtukana mwamuzi, wanaanzisha ugomvi. Nimejaribu majedwali manne."

"Mko wangapi sasa?"

"Tisa."

"Tisa haigawanyiki kwa mbili," alisema polepole, kama anavyosema mtu kwa mgonjwa. "Hata sisi zamani ilitusumbua hivyo. Tulikuwa saba."

Nilizihesabu kichwani kutoka kushoto: Wakenya, Warundi, Wakongo, Waganda, zote, mpaka saba. Nilizihesabu kutoka kulia. Mimi niliyepima mahubiri ya wiki kumi na mbili sikuwahi kuhesabu timu za ligi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnatafuta wa nane."

"Miaka miwili. Kila Jumapili naomba Mungu alete wendawazimu kumi na mmoja. Akaleta kumi na wawili, na wewe juu yao."

"Ulisema ligi imejaa!"

"Ningekuambia tunawahitaji, mngekuja mara moja, mvua ikanyesha, mkapotea. Nimewaona wengi. Mtu akikaribishwa sana anadhani anakusaidia." Akasogeza goti kwa mikono miwili. "Nilikuwa naogopa mtakata tamaa, hasa siku ile mlipokuja wanne. Usiku mzima najiuliza, kwa nini sikuwaambia tu. Ndiyo nikapanda treni kuja Rissne."

Nikataka kuuliza habari za zile kurasa kumi na nne, lakini nikajihurumia.

"Sasa tafuta wa kumi," akasema. "Atakuja tu, hawa watu hawaishi. Akija utamwambia nini?"

"Nitamkaribisha."

"Mungu wangu. Sema 'ligi imejaa.' Sema nikusikie."

"Ligi imejaa," nikasema.

"Hapana. Hivyo mtu atakuonea huruma, atakuletea supu. Tena."

Nilikunja uso. "Ligi imejaa."

"Sasa unaumwa jino."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mandazi, akitutazama. Nilivuta pumzi, nikafikiria wale wasiojulikana bado, popote walipokuwa alasiri ile, wamekaa nyumbani wakingoja Jumatatu. Nilitamani waje kiasi kwamba sauti yangu ilikauka yenyewe.

"Ligi imejaa. Kama mnataka sana, njooni Jumapili tatu, saa saba kamili. Hamtacheza."

Katibu alimpungia binti yake alete sahani.

"Hapo," akasema, akachukua andazi, "hata mimi ningekuja."